Laptopu ya jukwaani: ununue nini kwanza ili kinanda kisichelewe wala kukatika

"Napiga kinanda kwenye bendi, na mara nyingine kwenye kwaya. Kinanda changu kina vibonye 61 na sauti zake za piano zimenichosha. Nimeweka programu ya piano kwenye laptopu ya Windows ninayofanyia kazi za ofisini, nikaunganisha kinanda kwa waya wa USB. Sauti ni tamu ila inachelewa: nabonyeza sasa, nasikia baadaye kidogo. Nikipunguza kile kinachoitwa bafa, kuchelewa kunapungua lakini sauti inaanza kupasukapasuka, hasa nikikanyaga pedali. Siku ya onyesho natoa sauti kwenye tundu la hedifoni kwenda kwenye miksa, na fundi sauti analalamika kuna mvumo kila nikichomeka chaja. Muuzaji ananishauri ninunue laptopu ya michezo yenye prosesa kubwa, pamoja na kadi ya sauti inayofika kilohezi 192. Fedha nilizonazo hazitoshi vyote viwili. Nianze na kipi? Au niachane na kompyuta ninunue kinanda kipya?"

Asante kwa kueleza dalili moja moja. Bila hizo ningebaki kubahatisha. Una matatizo matatu, na kwa kuwa yamekujia kwa pamoja yanaonekana kama tatizo moja la laptopu dhaifu. Siyo moja. Kuchelewa kunatokana na draiva (programu ndogo inayounganisha kompyuta na kifaa) na bafa, ambayo nitaieleza. Kupasuka kunatokana na prosesa kukosa muda kwa kipindi kifupi mno. Mvumo ni suala la umeme, na hata laptopu ya bei kubwa kuliko zote dukani ingevuma vilevile ikiunganishwa hivyo. Ukimfuata muuzaji, huenda ukatatua nusu ya tatizo moja, mengine mawili yakabaki palepale, na mfuko umekauka.

Kama una haraka, jibu langu ni hili: anza na kadi ya sauti ya nje (kifaa cha USB kinachotoa sauti badala ya tundu la laptopu) yenye draiva madhubuti, pamoja na boksi la DI, kiboksi kinachokaa kabla ya miksa ili kuondoa mvumo. Kisha ipe laptopu uliyonayo mtihani nitakaoueleza. Ikishindwa ndipo utafute nyingine. Na kinanda chako cha sasa usikiuze hata kidogo. Bado kina kazi.

Sasa tuangalie kinachotokea unapobonyeza. Kinanda hakipeleki sauti kwenye laptopu. Kinapeleka ujumbe mfupi wa MIDI, mfumo uliokuwepo tangu 1983, unaosema kibonye fulani kimebonyezwa kwa nguvu ya kiasi fulani, kati ya 1 na 127. Hata kwenye waya wa zamani wa pini tano ujumbe huo huchukua kama milisekunde moja tu. Kwa hiyo usihangaike kubadilisha waya wa USB ukidhani ndio unaochelewesha.

Laptopu ikishapokea ujumbe ndipo inapotengeneza sauti, na inaitengeneza kwa vipande vidogo sana viitwavyo sampuli. Ukiwa umeweka kilohezi 48, zinatakiwa sampuli 48,000 kila sekunde bila kukosa hata moja. Kompyuta haiwezi kuzitoa mojamoja, kwa sababu ina shughuli nyingine elfu moja. Hivyo inazitoa kwa mafungu, na ukubwa wa fungu ndio bafa. Ni kama kumwagilia bustani kwa ndoo kutoka kisimani: ndoo kubwa unakwenda polepole na bustani haikauki, lakini tone la kwanza linachelewa kufika; ndoo ndogo maji yanafika upesi, ila ukijikwaa mara moja tu bustani inakosa maji. Kukosa huko ndiko kule kupasuka unakokusikia.

Hesabu yake ni nyepesi: gawanya ukubwa wa bafa kwa idadi ya sampuli za sekunde moja. Kwa kilohezi 48, bafa ya 64 ni milisekunde 1.3. Ya 128 ni 2.7, ya 256 ni 5.3, ya 512 ni 10.7, na ya 1024 ni zaidi ya 21. Juu ya hapo ongeza muda wa kinanda chenyewe kutambua kibonye, muda wa kugeuza namba kuwa umeme, na akiba ambayo draiva hujiwekea kimyakimya bila kukuonyesha. Hiyo akiba ya draiva ndiyo inayotofautisha kadi mbili za sauti zinazofanana kwa kila kitu kilichoandikwa kwenye boksi.

Hapa ndipo penye kiini cha tatizo lako la kwanza. Njia ya kawaida ya sauti kwenye Windows iliundwa ili programu nyingi zitumie spika moja bila kugombana: video inacheza, taarifa ya ujumbe inalia, simu ya mkutano inaingia. Kwa kazi hiyo inafaa kabisa, lakini ushirikiano huo unagharimu muda, na mpiga kinanda anausikia. Kampuni ya Steinberg ilibuni njia ya mkato iitwayo ASIO, inayoruhusu programu ya muziki izungumze na kadi ya sauti moja kwa moja. Kadi ya sauti ya nje iliyotengenezwa kwa ajili ya wanamuziki huja na draiva yake ya ASIO. Kadi iliyomo ndani ya laptopu yako kwa kawaida haina. Kwenye Mac mambo ni mepesi zaidi kwa sababu mfumo wake wa sauti, Core Audio, ulijengwa tangu mwanzo ukizingatia kazi hii.

Kabla hujatumia senti, jaribu draiva ya bure iitwayo ASIO4ALL. Inaifanya kadi ya ndani ijifanye ina ASIO. Jukwaani siitegemei, lakini kwa majaribio ya nyumbani inatosha kukuonyesha ni kiasi gani cha kuchelewa kilikuwa kosa la draiva. Watu wengi wanashangaa jinsi laptopu ileile waliyoitukana inavyobadilika.

Utauliza kuchelewa kwa kiasi gani kunavumilika. Sauti husafiri hewani kama mita 343 kwa sekunde, yaani karibu milisekunde tatu kwa kila mita. Mpiga gitaa aliyesimama mita tatu kutoka kwenye amplifaya yake anasikia kwa kuchelewa milisekunde tisa na halalamiki, kwa sababu mwili umezoea. Ndiyo maana nasema ukiwa chini ya milisekunde kumi kwa ujumla, wapigaji wengi hawatasumbuka. Piano na ala za kugonga zinadai zaidi. Stringi laini na sauti za kujaza nyuma zinavumilia zaidi. Lakini kumbuka hesabu ya mita inakuhusu na wewe: ukiweka bafa vizuri halafu spika yako ya kujisikilizia iko mita nne, umerudisha milisekunde kumi na mbili ulizotoka kuziokoa. Isogeze karibu, au tumia hedifoni za waya. Za Bluetooth sahau kabisa kwa kupigia. Nyingi huchelewesha kwa zaidi ya milisekunde mia moja, na hakuna mpangilio wa laptopu utakaoondoa hilo.

Kuna kuchelewa kwa uongo pia, na nataka ulijue kabla hujamlaumu kila mtu. Vibonye vyepesi vya vinanda vya 61 mara nyingi hutuma nguvu ndogo kuliko ulivyokusudia. Programu ya piano ikipokea nguvu ya 50 inatoa sauti laini ambayo mwanzo wake ni mpole, na sikio linaitafsiri kama imechelewa. Unaanza kubonyeza kwa hasira, mkono unachoka, na tatizo liko palepale. Tafuta ndani ya programu mahali pa kurekebisha mwitikio wa mguso, upandishe kidogo kidogo hadi mguso wa kawaida wa mkono wako utoe sauti ya kawaida ya piano. Jambo hili ni la dakika chache, halina gharama, na kwa maoni yangu linabadilisha raha ya kupiga kuliko kifaa chochote utakachonunua.

Twende kwenye kupasuka. Ukiwa na bafa ya 128 kwa kilohezi 48, kompyuta ina milisekunde 2.7 kukamilisha fungu zima, kisha 2.7 nyingine, na kuendelea hivyo usiku kucha. Ikichelewa mara moja, unasikia mpasuko. Kwa hiyo kile kipimo kinachosema prosesa inatumika kwa asilimia 30 hakikuhakikishii chochote, maana ni wastani, na anayekuharibia wimbo ni ule muda mmoja mbaya.

Kwa nini pedali ndiyo inayochokoza? Ukiwa umeikanyaga, noti hazikomi. Kila noti inayoendelea kulia inahitaji hesabu yake peke yake, na piano nyingi za programu huhesabu kushoto na kulia kando. Kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) tatu nne za vidole vyote huku pedali imeshikiliwa, na tayari una makumi ya sauti zinazolia pamoja, nyingi zikiwa zimefifia kiasi kwamba hakuna anayezisikia tena. Ndani ya programu kuna mahali pa kuweka kikomo cha sauti zinazolia kwa wakati mmoja. Kama kimeandikwa 256, weka 64 na usikilize. Kwenye bendi, palipo na ngoma na besi, sitarajii utasikia tofauti, ila prosesa itapumua. Punguza pia mwangwi wa ziada. Miksa ya fundi sauti huwa na wa kutosha.

Muuzaji amekuelekeza kwenye wingi wa kori, yaani visehemu vya prosesa ambavyo kila kimoja hufanya hesabu zake. Kwa mtu anayehariri filamu ushauri huo una maana, kwako una nusu ya maana. Ala moja, pamoja na madoido yaliyofungwa nyuma yake, kwa kawaida hushughulikiwa na kori moja, kwa sababu kila hatua inasubiri iliyotangulia. Piano moja nzito kwa kawaida haitagawanywa kwa kori kumi na sita. Kinachokufaa ni kasi ya kori moja, na zaidi ya hapo, uwezo wa kuidumisha. Laptopu nyembamba nyingi hukimbia sana kwa dakika chache za mwanzo, zikipata joto zinajipunguza kasi ili zisiungue. Dukani zinapendeza, kwenye wimbo wa nane, chini ya taa za jukwaa, zinaanza kupasua sauti. Nyingine hujipunguza pale tu unapochomoa chaja.

Laptopu za michezo zina prosesa nzuri na feni za kutosha, siwezi kuzikataa. Lakini baadhi zina draiva za kadi ya picha zinazoshikilia mfumo kwa muda mrefu kuliko sauti inavyoweza kungoja, na feni zake hupiga kelele inayosikika kwenye nyimbo za utulivu. Unalipia pia kadi ya picha ambayo piano haitaitumia.

Kushikilia huko kwa draiva ndicho chanzo cha kupasuka ambacho watu wengi hawakijui. Draiva ya Wi-Fi, ya Bluetooth, au hata ile inayosoma hali ya betri inaweza kuizuia prosesa kwa milisekunde kadhaa, na hilo linatosha kuharibu fungu zima. Pakua programu ya bure iitwayo LatencyMon, iache ifanye kazi dakika kumi huku unapiga, na itakuonyesha draiva gani ndiyo mkosaji. Zima Wi-Fi na Bluetooth, uone kama hali inatulia. Kwenye mipangilio ya umeme chagua utendaji wa juu, na zima ule utaratibu wa kulaza matundu ya USB ili kuokoa betri, maana siku moja utaratibu huo utakilaza kinanda chako katikati ya kibwagizo.

Kuhusu kumbukumbu na diski nitapita haraka. RAM ya gigabaiti 16 inakutosha; 8 zinawezekana kama unatumia piano moja na ogani. Diski iwe ya SSD, kwa sababu piano zilizorekodiwa huweka mwanzo tu wa kila noti kwenye RAM na kusoma sehemu iliyobaki kutoka kwenye diski wakati unapiga. Diski ya kuzunguka haitaweza kwenda na kasi hiyo. Zipo pia piano ambazo hazikurekodiwa bali hukokotolewa, kama Pianoteq. Hizo huchukua nafasi ndogo sana, makumi ya megabaiti tu, lakini huegemea prosesa. Kwa laptopu yenye diski ndogo na prosesa ya wastani, jaribu za aina zote mbili uone ipi inatulia.

Kilohezi 192 achana nazo. Sikio la binadamu, likiwa changa na zima, husikia hadi kama kilohezi 20, yaani mitetemo elfu ishirini kwa sekunde. Sampuli hubeba sauti hadi nusu ya idadi yake, kwa hiyo kilohezi 44.1 tayari zinafika 22.05. Ukipandisha hadi 192 unaipa prosesa hesabu mara nne ya zile za 48 ili kutoa sauti ambayo wasikilizaji wako hawataitofautisha kupitia spika za ukumbini. Weka 44.1 au 48, usahau.

Basi ukinunua kadi ya sauti uangalie nini? La kwanza, draiva yake ya ASIO iwe ya mtengenezaji mwenyewe, na awe bado anaiboresha kwa toleo la Windows ulilonalo. Nenda kwenye tovuti yake usome hilo kabla ya kulipa, hasa kama unanunua iliyotumika. Njia mbili za kutokea zinakutosha, mradi ziwe za waya wenye njia tatu, zile zinazoweza kutumia jeki kubwa ya pete mbili nyeusi au XLR, plagi ya pini tatu kama ya maikrofoni. Waya wa aina hiyo hubeba nakala mbili za sauti, moja imegeuzwa, na upande wa pili uchafu ulioingia njiani unajifuta wenyewe. Huhitaji matundu manane ya maikrofoni. Kitufe cha sauti kiwe kikubwa, cha kushikika gizani. Hilo halimo kwenye matangazo lakini utalishukuru. Tundu la USB lisiwe linachezacheza. Na kama laptopu yako ina matundu machache, nunua kigawanyio chenye umeme wake, kisha kadi ya sauti ichomeke moja kwa moja kwenye laptopu na vitu vidogo vikae kwenye kigawanyio.

Sasa mvumo. Umeniambia unatokea ukichomeka chaja, na hiyo ndiyo dalili iliyo wazi kuliko zote. Laptopu imeunganishwa na ardhi ya umeme kupitia chaja, miksa nayo imeunganishwa kupitia plagi yake, halafu waya wa sauti umeziunganisha zenyewe kwa zenyewe. Umepatikana mzunguko, na umeme mdogo unaozunguka humo unasikika kama mvumo wa hezi 50 au 60, kutegemea umeme wa mahali ulipo. Wakati mwingine kuna pia mlio mwembamba unaobadilika ukisogeza kipanya. Huo ni uchafu wa ndani ya kompyuta unaopita njia hiyohiyo. Tundu la hedifoni halina kinga yoyote dhidi ya haya.

Dawa yake ni boksi la DI lenye transfoma ndani, aina isiyohitaji umeme. Transfoma huvusha sauti kwa sumaku bila waya kugusana na waya, kwa hiyo ule mzunguko unakatika. Lina kitufe cha kutenganisha ardhi ya waya wa sauti; kibonyeze usikie mvumo ukiondoka. Boksi hilo pia linaifanya sauti yako isafiri makumi ya mita hadi kwenye miksa bila kuchafuka, na linakukinga na volti 48 ambazo miksa hupeleka kwenye maikrofoni. Kama una njia mbili, chukua lenye njia mbili. Mara nyingi pia inasaidia kuchomeka chaja kwenye mstari uleule wa umeme unaolisha miksa.

Nakusihi jambo moja: usikate pini ya ardhi ya chaja, wala kuifunga kwa utepe, hata kama mtu atakuambia mvumo utaondoka. Ni kweli unaweza kuondoka. Lakini pini hiyo ndiyo inayobeba umeme mahali salama kifaa kikiharibika, na bila hiyo njia iliyobaki ni mwili wako.

Muulize pia fundi sauti kama anakupa njia moja au mbili kwenye miksa. Piano nyingi za programu zimerekodiwa kwa upana, kushoto na kulia tofauti. Zikiunganishwa kuwa moja, baadhi ya noti hufutana na piano inakuwa nyembamba, kama inatoka ndani ya mtungi. Kama ni njia moja, chagua ndani ya programu sauti ya mono, au peleka upande mmoja tu. Na ukitafuta amplifaya yako mwenyewe, usichukue ya gitaa. Noti ya chini kabisa ya piano ni hezi 27.5, na spika ya gitaa haikutengenezwa kwa ajili ya upana wa namna hiyo, chini wala juu. Chukua ya kinanda au spika ya kawaida ya ukumbini yenye amplifaya ndani.

Tuje kwenye mtihani niliokuahidi. Ukishapata kadi ya sauti, weka kilohezi 48 na bafa ya 128. Zima intaneti. Fungua sauti zote unazotumia kwenye onyesho, siyo piano peke yake. Chomeka chaja, weka laptopu mahali penye joto kama la jukwaani, kisha piga kwa saa nzima, ukiwa umekanyaga pedali kwa ukorofi, kodi nzito, ukibadilisha sauti katikati ya wimbo. Rudia bila chaja. Ukimaliza bila mpasuko, laptopu yako inafaa na fedha umeziokoa. Ikipasuka, panda hadi 256 na usikilize kwa haki, milisekunde 5.3 wengi wanaimudu vizuri. Ikipasuka hata hapo, baada ya kupunguza idadi ya sauti na kushughulikia draiva, basi ndiyo, laptopu imekushinda.

Ukifika huko, tafuta yenye kori zenye kasi, RAM ya 16 (nyingi siku hizi huwezi kuongeza baadaye), SSD, matundu ya USB yaliyokaza, na mfumo wa kupoza unaoaminika. Mac iliyotumika yenye chipu ya M1 ya mwaka 2020 au za baadaye ni chaguo ninalolipendekeza kwa moyo mweupe, kwa sababu inatulia kwenye bafa ndogo bila kuhangaika na draiva. MacBook Air ya M1 haina feni, hivyo haina kelele, ila usiiache juani. Kabla ya kuhama, hakikisha programu zako zina toleo la Mac. Kwa kupanga sauti za onyesho, MainStage ni ya Mac tu, Cantabile ilianza kama ya Windows, na Gig Performer inafanya kazi kwenye zote mbili. Yoyote kati ya hizo ni bora kuliko kufungua programu ya piano peke yake, maana hupakia sauti zako mapema ili ubadilishe kwa kitufe kimoja.

Na kinanda kipya? Ni swali la haki. Kama unatumia piano, piano ya umeme, ogani na stringi basi, kinanda kizuri cha jukwaani kitakuhudumia miaka mingi: unakiwasha, kinalia, hakina taarifa za mfumo wala leseni za kuisha. Kuna wapigaji hodari ambao hawajawahi kupanda jukwaani na kompyuta, na hawajapungukiwa. Laptopu ina faida pale unapohitaji sauti nyingi tofauti, au sauti mahususi isiyopatikana kwenye kinanda, au kama unapenda kutengeneza sauti zako mwenyewe. Pia vibonye vizito vya piano havitokani na programu yoyote. Kama kinachokuchosha ni mguso na si sauti, laptopu haitakuponya. Jiulize hilo kwa uaminifu, ukipiga piano halisi au kinanda cha rafiki chenye vibonye vizito, kabla ya kununua chochote.

Ukibaki na laptopu, kile kinanda cha 61 ndicho mlinzi wako. Toa waya kutoka kwenye tundu lake lenyewe la sauti hadi kwenye njia nyingine ya miksa, piano yake ikiwa imechaguliwa tayari, sauti imeshushwa hadi sifuri. Laptopu ikigoma katikati ya wimbo, unapandisha sauti na kuendelea. Wasikilizaji watasikia piano imebadilika rangi kidogo, basi. Usiboreshe mfumo wiki ya onyesho. Kama programu zako zinahitaji leseni ya mtandaoni, zithibitishe nyumbani, kisha zizime na kuziwasha ukiwa bila intaneti uone kama zinafunguka.

Kuna mambo ambayo maandishi yangu hayawezi kuyamaliza. Ukigusa laptopu au maikrofoni na kuhisi mtekenyo, huenda ni ule umeme mdogo unaovuja kwenye chaja za pini mbili, ambao kwa kawaida hauna madhara. Lakini ukihisi mshtuko wa kweli, au mtekenyo mdomoni unapogusa maikrofoni, acha kupiga hapohapo na aitwe fundi umeme aliyesomea kazi hiyo apime soketi za jukwaa. Betri ya laptopu ikivimba, ikiinua kibodi au kifuniko, usiichaji tena. Ipeleke kwa fundi. Tundu la USB linalokatika ukiligusa nalo ni la fundi, wala hakuna mpangilio utakaolitibu. Masikio yakibaki yanalia asubuhi baada ya onyesho, punguza sauti ya hedifoni, na hali ikijirudia nenda ukapimwe usikivu. Kwa mvumo, ukishapata boksi la DI, mwombe fundi sauti wako nusu saa kabla ya mazoezi, mpitie waya mmoja baada ya mwingine mkiwa pamoja, yeye kwenye miksa na wewe kwenye kinanda.